Vipele hivi huja kila mume wangu akirudi safari

Mama, shikamoo.

Naomba jina langu lisitoke. Mikindani ni mji mdogo, na wifi yangu anasoma kila kitu kwenye simu.

Nina miaka 26. Huu ni mwaka wa 3 tangu niolewe na bado hatujajaliwa mtoto. Mume wangu ni dereva wa lori, anabeba mizigo ya Dar es Salaam na Songea. Anaweza kumaliza wiki 2, hata 3, bila kulala nyumbani. Akirudi anakaa siku 4 au 5, halafu barabara inamwita tena.

Tangu nilipotoka unyagoni, somo yangu alinikazania kwamba mwanamke hapokei mume akiwa na nywele za kwapa wala za kinena. Alinifundisha kung'oa kwa majivu. Nilipoolewa nikaona majivu yananichelewesha, nikahamia kwenye wembe. Siku hizi natumia mashine ya mume wangu ya viwembe vitatu, ile anayonyolea ndevu, huwa anaisahau bafuni. Akipiga simu kuwa amefika Nangurukuru najua leo analala nyumbani, basi naacha kila kitu naingia bafuni. Nanyoa harakaharaka, ngozi naivuta kwa mkono mmoja, napandisha wembe kwenda juu mpaka pateleze. Nikimaliza napaka ndimu, na siku nyingine spiriti, nisije nikanuka.

Mwanzo ilikuwa mwasho tu. Lakini tangu mwaka jana vinatoka vipele vigumu, vyeusi, vingine vina usaha, kwenye kinena na pembeni ya mapaja. Vikipona vinaacha madoa. Nguo ya ndani ikigusa natamani kulia. Nikikaa wiki mbili tatu peke yangu vinapungua, lakini mume akirudi tu, vinarudi.

Mwezi wa 1 alirudi. Usiku wa tatu aliwasha tochi ya simu, akaangalia kwa muda mrefu, hakusema kitu. Akazima. Halafu gizani nikasikia: "Hivi vilianza lini?" Nikamjibu sijui. Akageukia ukutani. Asubuhi aliondoka bila kunywa chai, na hiyo siyo kawaida yake.

Mama, tangu siku hiyo sina amani. Naona ananishuku. Na mimi nisikufiche, nimeanza kumshuku yeye. Madereva wanasemwa mengi. Mbona vipele vinakuja akija?

Nilikwenda duka la dawa, muuzaji akanipa mrija wa kupaka hata kuniuliza hakuniuliza. Ndani ya siku chache vikatulia, nikafurahi. Wiki ya tatu vikarudi kwa nguvu, na ngozi sasa imepauka, imekuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia bagia. Nikajikaza kwenda zahanati. Dada wa mapokezi akaniuliza kwa sauti mbele ya foleni, "Shida yako ni ya sehemu za siri?" Nikasema hapana, kichwa. Nikapewa panado nikarudi nyumbani.

Nimewaza niache kunyoa, lakini somo yangu akisikia ataniita mchafu, na dini nayo imesema siku 40. Rafiki yangu wa Lindi anasema ataniagizia dawa ya kunyonyolea nywele, unapaka, unafuta. Naogopa. Na mume anarudi mwisho wa mwezi huu. Nimwambie nini? Nianzie wapi?

Mwenye siri, Mikindani

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliisoma jioni, nikairudia asubuhi, kwa sababu kuna jambo limo ndani yake ambalo umeliandika wewe mwenyewe na nadhani hukuliona. Nitalifikia. Kwanza pole kwa ile foleni ya zahanati. Mtu amekusanya ujasiri wa mwaka mzima mpaka akafika mlangoni, anarudishwa na sauti kubwa. Hukukosea kuondoka. Mtu yeyote angetamani kuondoka.

Nikikuelewa vizuri, una mambo matatu yamefungwa kwenye khanga moja: ngozi inayouma, kunyoa unakoona huwezi kukuacha, na mume aliyegeukia ukutani. Umeyafunga pamoja kiasi kwamba kila ukishika ncha moja zinavutika zote. Tujaribu kufungua fundo polepole.

Tuanze na ngozi. Mimi sijakuona, na hakuna mtu awezaye kupima kwa barua. Lakini hayo uliyoyaeleza yanafanana sana na vipele vya nywele zinazootea ndani. Nywele zetu watu weusi hazitoki zimenyooka. Kitundu chenyewe kinachootesha unywele kimepinda kama mundu, na unywele hutoka ukiwa tayari unajikunja. Ukiachwa urefuke hauna ugomvi na mtu. Ukikatwa na wembe unabaki na ncha kali iliyochongwa kimshazari, kama mshale. Ncha hiyo ikikua kidogo inajipinda, inarudi chini, inachoma ngozi pembeni ya pale ilipotokea. Sasa mwili haujui kwamba huo ni unywele wake. Unauona kama mwiba ulioingia nyamani, unaupiga vita. Ndiyo uvimbe huo, ndiyo mwasho, ndiyo hata usaha, ambao mara nyingi hauna kijidudu chochote ndani yake.

Ile mashine ya viwembe vitatu inaongeza jambo jingine. Kiwembe cha mbele huunyanyua unywele, vinavyofuata huukata, na kipande kilichobaki kikiachiwa hurudi chini ya usawa wa ngozi. Wewe tena ngozi umeivuta, na umenyoa kuelekea juu, kinyume na nywele zinavyolala. Kwa hiyo unywele unaanza kukua ukiwa umezikwa, na hutoboa ukuta wa kitundu chake kabla haujaona mwanga. Ule mtelezo ulioutafuta ndio hasa unaozalisha vipele. Majivu ya somo nayo hayakuwa na kinga: unywele ukikatikia ndani wakati wa kung'oa, au mpya ukikosa njia ya kutokea, matokeo ni hayohayo. Ndimu na spiriti juu ya ngozi iliyokwanguliwa vinaiunguza tu.

Sasa lile jambo. Umeniuliza mbona vipele vinakuja mume akija. Rudi kwenye barua yako uone kinachotangulia. Simu ya Nangurukuru inatangulia. Wembe unatangulia. Nywele zikikatwa leo, ncha zake huanza kuchoma siku ya pili au ya tatu, na yeye aliwasha tochi usiku wa tatu. Akiondoka, unakaa wiki 2 au 3 bila kunyoa, nywele zinarefuka, vipele vinapungua. Yeye anaona akirudi tu vipo, anajiuliza nini kilitokea nyuma yake. Wewe unaona akirudi tu vinaanza, unajiuliza amekuja na nini. Nyote wawili mnahesabu siku za lori. Mimi naona zinazostahili kuhesabiwa kwanza ni siku za wembe.

Sisemi kwamba hilo limemaliza maswali yote, na sitaki ulichukue kama cheti cha kwamba huna ugonjwa mwingine. Kipele cha unywele hukaa kwenye shina la unywele, kimoja hapa kimoja pale, na ukitazama kwa mwanga mzuri mara nyingi utaona alama nyeusi au kiduara cha unywele chini ya ngozi. Hakitoki ndani kwenye unyevu kusikoota nywele. Malengelenge madogo yaliyoshikana kama kishada, yanayowaka moto kisha yanapasuka kuwa vidonda, hiyo ni habari nyingine. Kidonda kimoja kisichouma kinaweza kuwa kaswende. Vinyama vinavyoota na kuongezeka navyo ni vya kuonyeshwa. Na kama kwapani na kinenani unapata majipu ya ndani yanayojirudia palepale, yanapasuka na kuacha vishimo au njia zinazovuja, huo ni ugonjwa wa ngozi wenye tiba yake. Hauambukizi, wala hautokani na uchafu, lakini usiuache ukadhani ni vipele tu.

Kuna jambo linaniuma, na nitalisema wazi. Vipele hivihivi viko kwenye videvu vya vijana wengi wa Mtwara. Viko shingoni kwa askari na kwa walinzi wanaotakiwa kunyoa kila siku. Jeshi la Marekani kwa miaka mingi lilikuwa likitoa vyeti vya daktari kwa askari wake, wengi wao weusi, wasilazimishwe kunyoa kwa sababu ya hali hii. Kijana akitokwa na vipele kidevuni anaulizwa kinyozi wake ni nani. Mwanamke akitokwa navyo kinenani anaulizwa alikuwa na nani. Ngozi ni ileile, unywele ni uleule. Usiibebe aibu hiyo kama mzigo wako.

Nije kwa somo, na nimtaje kwa heshima, maana naye alikufundisha kama alivyofundishwa. Unasema dini imesema siku 40. Ndivyo ilivyopokewa kutoka kwa Anas bin Malik: kucha, masharubu, kwapa na kinena visipitishe siku 40. Mimi si ustadhi. Lakini soma tena hesabu hiyo, mwanangu: 40 ni mwisho wa kuchelewa. Haisemi kila safari ya lori. Na ngozi yenye vipele vya namna hii huhitaji kupumzishwa na wembe kwa muda wa wiki 4 hivi, wakati mwingine zaidi, ili nywele zilizozama zirefuke na kujifyatua zenyewe. Wiki 4 ni siku 28. Huoni kwamba nafasi ipo? Na wanazuoni wengi wanasema nywele hizo zikiondolewa kwa njia yoyote inatosha, siyo lazima iwe wembe. Mwulize ustadhi unayemwamini, au mke wake kama unaona haya. Maana inawezekana umekuwa ukinyoa kwa hofu ya kuitwa mchafu kuliko kwa amri yoyote.

Kama utachagua kupumzisha, kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, ukikikandamiza hapo kwa dakika 10 mara mbili tatu kwa siku, hulainisha ngozi na kuzisaidia nywele kutoka. Ukiona kiduara cha unywele kimeshajitokeza juu kabisa, unaweza kukinyanyua kwa ncha ya sindano iliyochemshwa, ukinyanyue tu ncha itoke. Usiung'oe, maana utakaoota badala yake utapita njia ileile. Ambacho hakijajitokeza usikichokonoe, na usikamue. Kukamua ndiko kunakoingiza vijidudu na kuacha makovu, na wapo miongoni mwetu ambao makovu yao huvimba na kuwa manundu magumu. Nguo ya ndani ya pamba isiyobana, hasa kwa joto letu hili kabla ya mvua, itakusaidia kuliko nailoni. Madoa meusi yanachukua miezi kufifia. Usiyakimbizie kwa krimu za kung'arisha.

Hasara ya njia hii unaijua: wiki za mwanzo zinawasha, na mume atakukuta na nywele. Hapo unaweza kushika njia ya katikati. Mkasi mdogo, au mashine ya umeme ya kupunguzia yenye kitana, ukaacha milimita 2 au 3. Panakuwa safi, ila ncha haipati nafasi ya kuzama. Mimi ndiyo njia ninayoiona nyepesi kwa nyumba nyingi, lakini haitakupa ule mtelezo uliozoea, na itabidi uamue mtelezo huo una thamani gani kwako.

Ukiamua baadaye kurudi kwenye wembe, urudi vingine. Uwe wembe wako, siyo wa mume. Wembe unaokwangua ngozi mpaka damu unaweza kupitisha homa ya ini B, na hata VVU, kwa hiyo wa kwenye ndevu zake na uwe wake peke yake. Utumie wenye makali mamoja, mpya, usiwe butu. Punguza kwanza kwa mkasi, kaa na maji ya uvuguvugu dakika 5, paka povu la sabuni laini, nyoa kuelekea nywele zinakolala, usivute ngozi, usirudie palepale mara 3. Malizia na maji baridi. Ndimu ibaki jikoni. Na usingoje simu ya Nangurukuru. Haraka ile ndiyo nusu ya ugonjwa. Ukinyoa siku 5 au 6 kabla hajafika, angalau kile kipindi kibaya kinakuwa kimeanza kupita.

Dawa ya kunyonyolea anayokuahidi rafiki yako wa Lindi huyeyusha unywele, na kwa kuwa haiuachi na ncha kali wapo inaowasaidia. Lakini ni kali. Ikizidishwa dakika inaunguza, na haifai kugusa ndani kwenye unyevu wala ngozi yenye vidonda. Kwa hali uliyonayo leo, ngozi imekuwa nyembamba, mimi ningeiogopa. Ikitokea siku nyingine ngozi imepona ukataka kujaribu, weka tone mkononi, ungoje siku nzima uone. Kuna pia mionzi ya leza inayochoma mzizi wa unywele. Kwa ngozi nyeusi hutumika aina yake maalumu, na mashine isiyofaa huacha majeraha. Ni ghali, na ni safari ya mbali na Mikindani. Nakutajia tu ili ujue ipo.

Mrija wa duka la dawa unanipa wasiwasi kuliko vipele. Dawa inayotuliza kila kitu kwa siku chache, kisha ngozi ikapauka na kuwa nyembamba, mara nyingi ina steroidi kali, yaani dawa ya kuzima uvimbe na mwasho, na sehemu hiyo ya mwili huinywa dawa haraka kuliko mkono au mguu. Usipake tena, usinunue mwingine, na usiutupe. Upeleke kwa mtaalamu auone jina lake. Mwambie pia kwamba unatafuta mtoto, kwa sababu baadhi ya dawa za vipele, zile za jamii ya vitamini A, hazifai kwa anayetarajia mimba.

Mtaalamu yupi, baada ya yale ya zahanati? Huna haja ya kurudi pale. Kuna hospitali ya Ligula pale Mtwara, na kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Pale dirishani sema neno moja tu: "Ngozi." Halina uongo ndani yake, na foleni haitageuka. Ukishaingia ndani mlango ukafungwa, omba uhudumiwe na mwanamke kama ndivyo utakavyokuwa huru. Uliza kama wana mtaalamu wa ngozi. Nchi yetu imekuwa ikiwafundisha pale hospitali ya KCMC, Moshi, tangu kituo chao cha magonjwa ya ngozi kilipoanza mwaka 1992. Ukipata homa, au uvimbe unakua kwa kasi, unauma kwa kupwita na wekundu unasambaa, usingoje hata mwisho wa wiki.

Ukiwa hapo unaweza kuomba kipimo cha VVU na cha kaswende. Ni damu kidogo tu. Siyo kwa sababu nakushuku, wala namshuku yeye. Ni kwa sababu mashaka yameshaingia ndani ya nyumba, na mashaka hayaondoki kwa maelezo ya wembe peke yake. Unaweza kwenda peke yako kwanza, ukajua lako. Hatari yake ni kwamba mume akigundua baadaye ataona ulikuwa na jambo la kuficha. Unaweza kumngoja mwende wote, na hatari yake ni kwamba anaweza kukataa, au kukuuliza kwa nini. Wewe ndiye unayejua hasira zake na upole wake. Kama kuna siku amewahi kukuinulia mkono, na hukuniandikia hilo, basi usianze mazungumzo haya mkiwa wawili tu. Anza na mkubwa anayemheshimu, au na mhudumu wa afya.

Lakini niruhusu nikuulize jambo kuhusu usiku ule. Maneno yake yalikuwa mangapi? "Hivi vilianza lini?" Basi. Yote yaliyobaki umeyasoma mgongoni mwake. Inawezekana kweli alikuwa anakushuku. Inawezekana pia alikuwa anajihesabu mwenyewe. Inawezekana aliogopa kwamba mke wake anaumwa na hajui aseme nini, maana wanaume wetu wengi hawakufundishwa maneno ya sehemu hizo, kama wewe ulivyofundishwa majivu bila kufundishwa ngozi. Na wewe ulimjibu "sijui", ilhali ulikuwa na mwaka mzima unajua vinaanza lini. Sikulaumu. Gizani kila mtu hujibu hivyo.

Kama utaamua kumwambia, huna haja ya kuanza na shutuma wala na kujitetea. Kuna swali lake halijajibiwa, unaweza kulijibu: "Uliniuliza vilianza lini. Vinaanza siku ya pili nikishanyoa. Nanyoa ukiwa njiani." Uone atasema nini. Yumkini hajawahi kujua kwamba ile simu yake ya Nangurukuru inakupeleka bafuni mbio. Yumkini hajali nywele hata chembe, na hilo hujawahi kumuuliza, umemuuliza somo.

Na ikiwa atataka kutazama tena, isiwe kwa tochi usiku. Ngoja asubuhi, chai imeshanywewa, dirisha la upande wa baharini liko wazi. Mtafutie kimoja ambacho unywele wake unaonekana, kile kiduara cheusi chini ya ngozi, akione. Halafu mpapase kidevu. Nadhani atakuwa nacho kimoja.